Babu kaacha panga, wembe na kisu cha mkonge, je tupime kilo?

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Babu yetu alikua mkata mkonge huku Korogwe, katutoka mwaka jana. Kaacha panga, shoka, wembe wa kukunja, na kisu kimoja kifupi cha mkonge kimelika mpaka kimebaki chembamba kama rula. Mume wangu anasema vyote kutu tupu, tuwapimie kilo wale wa chuma chakavu, si tuna seti mpya ya visu vya stainless. Lakini hiyo seti ina miezi mitatu tu na nyanya haiiwezi. Wazee wanasema chuma kilikua cha zamani. Ni kweli, au ni mapenzi ya wazee tu? Na kama tukivitunza, tunavitunzaje?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Jibu la haraka kabla wale jamaa wa mizani hawajapita mtaani kwenu: msipime chochote. Lakini wazee nao sikubaliani nao moja kwa moja, na ntakwambia kwa nini.

Mi nakusanya vitu vinavyokata tangu nikiwa kijana wa karakana, saa hizi ninavyo 143, kuanzia kotama ya mgema mpaka kile kisu cha plastiki wanachokupa dukani ukinunua keki, na chuma kibovu nimekiona cha kila zama. Tofauti ni kwamba kibovu cha zamani hukioni. Panga bovu la mwaka 1950 halikufika kwenu, lilipinda kwenye kisiki cha kwanza, likageuzwa kijiti cha kuchokolea moto, mwisho likaozea nyuma ya choo huko. Lililofika mikononi mwako ni lile lililofanya kazi miaka yote hiyo mtu akaona haya kulitupa. Kwaiyo ukilinganisha panga la babu na panga lolote la dukani leo unakua umelinganisha mshindi na kundi zima lililojitokeza kukimbia, hapo lazima wa zamani aonekane shujaa.

Sasa kinachofanya chuma kikate ni kitu gani. Ni vitu vitatu: kaboni iliyomo ndani, matiko (yaani ugumu chuma kinaoupata kwa kuchomwa na kuzamishwa), na pembe ya makali. Kaboni ni kidogo sana, panga zuri lina kama asilimia 0.5 hadi 0.75 hivi, na hicho kidogo ndo kinaamua kama chuma kitakubali matiko au kitabaki laini kama msumari. Matiko nakushauri ukayaone kwa macho siku moja, tafuta mhunzi anayetengeneza panga kwa springi za lori, wako wengi tu. Mi nina mmoja ninayeenda kukaa kwake nikiwa na nafasi. Anakata kipande cha springi, anakifua mpaka kipate umbo, alafu anakirudisha kwenye mkaa na mtoto wake anazungusha feni iliyofungwa kwenye rimu ya baiskeli, chuma kinatoka kwenye weusi kinakua rangi ya damu, kinakua rangi ya papai lililoiva, na fundi ana kipande cha sumaku kutoka kwenye spika kimefungwa kwenye waya, kila baada ya muda anakigusisha. Sumaku inashika, inashika, alafu inafika mahali inakataa. Hapo hapo anakichomoa anakizamisha kwenye ndoo ya oili chafu, kinalia chwaaa, moshi unapanda mpaka majirani wanafunga madirisha. Mpaka hapo chuma ni kigumu lakini kimekua kama kioo, ukikiangusha kinavunjika. Kwaiyo anakisugua bapa mpaka king'ae, anakirudisha juu ya moto mdogo na kukiangalia, tena hapo usimsemeshe. Inaanza kutembea rangi juu ya bapa, kwanza ya nyasi kavu, inakuja ya kahawia, inakuja zambarau, alafu bluu. Kama ni kisu anasimamisha kwenye nyasi kavu, kama ni panga la kupiga visiki anaiacha isogee mpaka bluu ili lisivunjike. Ni sekunde hizo tu. Na hakuna kipima joto pale, kuna jicho na miaka.

Kwaiyo wazee wanaposema "chuma cha zamani" mara nyingi wanachosifia bila kujua ni matiko. Na matiko mazuri yapo hata leo kwa yule baba mwenye sumaku ya spika.

Tuje kwenye seti yenu mpya. Stainless ilitoka Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, Harry Brearley alikua anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka, akachanganya kromiamu karibu asilimia 13, akaona hakishiki kutu. Mtu wa viwanda vya visu anaitwa Ernest Stuart akakijaribu kwa siki, kikatoka safi, na inasemekana ndiye aliyelishikilia jina la stainless. Lakini visu vya mwanzo mwanzo vilikua havishiki makali kabisa, mpaka mafundi wenzake pale Sheffield wakawa wanamtania Brearley kwamba ndiye mvumbuzi wa visu visivyokata! Mwanangu unaona, malalamiko yako yana zaidi ya miaka mia, watu wa Sheffield walikutangulia. Baadaye wakajifunza kutia matiko ya hicho chuma na leo kuna stainless nzuri sana. Ila seti za bei rahisi, zile za visu kumi na nne na mti wake wa kuvichomeka, nyingi zinatumia stainless yenye kaboni ndogo, inang'aa miaka yote lakini makali yanalala upesi. (Na kwenye visu kumi na nne kila nyumba niliyoingia kinachotumika ni kimoja, kile kidogo, vingine vinamlinda.)

Sasa ile nyanya. Nyanya ndo mtihani mkubwa wa kisu, kushinda nyama. Ngozi yake inateleza na ndani ni maji, kisu butu kikifika juu yake kinaisukuma, inakimbia kwenye ubao, unaishika kwa nguvu, inapasukia upande mwingine, mwisho umepata sosi bila kutaka. Kisu chenye makali unakiweka juu bila kukandamiza, ukivuta tu kinazama. Na habari njema ni kwamba kisu chako karibu hakika hakijafa, kimelala, na hakuna aliyekinoa. Babu yako alinoa kila asubuhi. Hiyo ndo tofauti kubwa kuliko chuma chenyewe, mwanangu, na naisema kwa uchungu kwa sababu naona visu vizuri vinatupwa majalalani kila siku vikiwa vinahitaji dakika tano.

Chukua kikombe cha kauri, kipindue. Kwenye kitako kuna duara ambalo halikupakwa ile rangi ya kung'aa, linakwaruza ukiligusa. Hicho ni kinoo, na unacho tayari jikoni. Weka kisu juu yake kikiinuka kidogo tu, mgongo wa kisu uwe juu ya duara kwa unene wa kama kidole kidogo kulala, hiyo inakupa kama digrii 15 hadi 20, vuta kuanzia kwenye mpini kuja kwenye ncha kana kwamba unataka kumenya kikombe ganda jembamba. Mara kumi upande huu, mara kumi ule, alafu tano tano, alafu moja moja bila kukandamiza. Osha, jaribu nyanya. Kikikataa, shida ni pembe, unakua umekiinua sana. Ukiweza nunua jiwe la kunolea lenye pande mbili, upande wa mchanga mkubwa na upande laini, tumia na maji. Usimpe mtu mwenye grainda akunolee kisu cha jikoni, cheche nyingi zinapendeza kutazama, ila chuma kikipata moto ukaona ncha imegeuka bluu basi matiko ya pale yameondoka na hayarudi kwa kunoa, lazima upasage pote mpaka paishe.

Na kuna uongo mmoja naomba ufe leo: watu wanasema weka sumaku, ikishika ni chuma cha kweli, isiposhika ni stainless. Sio. Stainless nyingi za visu zinashika sumaku vizuri tu, zisingeshika zisingekubali matiko. Inayokataa ni ile ya sufuria na vijiko. Ukitaka kujua kama panga la babu lina matiko chukua tupa, pitisha kwa ulaini kwenye makali. Tupa ikiteleza kama kwenye kioo, panga ni gumu sana. Ikiuma kidogo kwa kulalamika, ndo panga lenyewe hilo, linapaswa kukubali tupa kwa shida ili mkulima aweze kulinoa shambani. Ikiuma kama inakula ndizi, panga ni laini, hilo tundike ukutani.

Umeniuliza zamani na sasa, ngoja nikupeleke zamani ya kweli kidogo maana sisi wa huku ndo wenyewe. Vitu vya kukatia vya kale kuliko vyote vilivyowahi kuonekana duniani vimetoka Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana kule Kenya, ni mawe yaliyogongwa kwa makusudi yana miaka milioni 3.3, yalitangazwa mwaka 2015. Olduvai unaijua. Na ukipita Iringa usikose Isimila, yale mashoka ya mawe yaliyoonekana 1951, yamechongwa pande zote mbili kama tone la maji, na mengine ni makubwa mno mpaka unajiuliza huyo mwenye nayo alikua anakula chakula gani. Nilisimama pale nikaona jambo moja lililonigusa sana, kingo za baadhi yake zimelingana kushoto na kulia kwa namna ambayo kazi ya kuchuna nyama haikuhitaji. Mtu alikua na muda, akataka lipendeze. Kwangu huyo ndo mkusanyaji wa kwanza. (Sina jiwe hata moja la pale na wewe usichukue, sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964 na mali ile ni ya wote.)

Alafu kuna lile jiwe jeusi la volkano linalofanana na chupa, la upande wa Naivasha, watu walilitumia maelfu ya miaka. Likivunjwa vizuri ukingo wake ni mwembamba kuliko wa kisu cha upasuaji cha chuma. Ndio, kuliko. Chuma hakijawahi kulishinda jiwe kwa ukali, kimelishinda kwa kutovunjika. Visu vipya vya kauri vile vyeupe vinavyouzwa mijini ni hadithi ile ile imerudi na nguo mpya, vinakaa na makali muda mrefu ajabu na havijui kutu, ila ukikiangusha kwenye sakafu mara moja umebaki na mpini.

Vitu vipya ninavyovipenda vipo, usidhani mi ni mtu wa kutu tu. Kile kisu cha kusukuma cha mafundi wa kapeti na stika, chenye wembe wenye mistari unaovunja kipande makali yakiisha, kilibuniwa Japani mwaka 1956 na Yoshio Okada, alichukua wazo kwenye chokoleti inayovunjwa vipande vipande na kwenye vioo vilivyovunjika ambavyo mafundi walitumia kukwangulia. Mtu anakula chokoleti anaona kisu! Nina vitano. Na msumeno wa moto huu unaoangusha miti siku hizi, babu yake wa mbali alikua ni kijisumeno cha mnyororo cha mkono walichobuni madaktari wa Scotland mwishoni mwa karne ya 18, John Aitken na James Jeffray, cha kukatia mfupa, na kazi yake moja ilikua kupanua nyonga mama akishindwa kujifungua. Nikimsikia mtu anauwasha porini huwa nawaza mbali sana.

Lakini kuna mahali kipya hakijafika. Nenda mahali wanapounda majahazi ukamwangalie fundi na tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao. Anasimama juu ya ubao wenyewe, mguu uko pale pale, tezo inashuka katikati ya nyayo zake, inaondoa ganda jembamba kama la kitunguu, inasimama kidole kimoja kutoka kwenye kidole gumba cha mguu. Siku nzima. Randa ya umeme inanyoosha ubao ulionyooka, ila ubavu wa jahazi haukunyooka popote, umepinda huku na huku, na tezo inaufuata mpindo kama mkono unavyopapasa. Nilimuuliza mmoja kama ana hofu na vidole akanambia tezo butu ndo inayoteleza, tezo kali inaenda ulikoituma. Mbuzi ya nazi ni hivyo hivyo, mashine ya sokoni inakuna nazi kumi kabla hujakaa vizuri, lakini inakwenda mpaka kwenye lile ganda la kahawia na tui linatoka na rangi, mwenye mbuzi anasimama kwenye nyeupe kwa sababu mkono unasikia.

Haya turudi kwenye urithi wenu, kimoja kimoja.

Panga: safisha eneo la karibu na mpini kwa mafuta ya taa na kitambaa, tafuta muhuri. Ukiona mamba huenda ni Martindale wa Birmingham, kampuni ya tangu 1874, ukiona UFI ni la kiwanda chetu cha zana za kilimo kilichokua pale Ubungo, Dar es Salaam, vyote viwili nasimama navyo mbele ya yeyote. Kutu ya juu iondoe kwa mafuta ya taa na waya wa kusugulia sufuria, taratibu, fuata urefu wa bapa. Ule weusi wa kijivu unaobaki usiutoe, sio uchafu, ni ngozi ya chuma na inakizuia kisile kutu nyekundu. Noa kwa tupa, pembe kubwa kuliko ya kisu, kama digrii 25 hadi 30 kila upande, alafu paka mafuta ya cherehani. Litumieni! Panga hili lina miaka mingine arobaini.

Shoka: angalia mpini kabla ya makali. Kama unacheza kwenye tundu usimpe mtu ajaribu hata mara moja, kichwa kikichomoka hakiulizi nani alikua anapita. Weka mpini mpya, mpera uliokauka vizuri unafaa, na kabari juu yake.

Wembe wa kukunja: angalia kwenye msuka, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, kama pameandikwa Solingen (mji wa Ujerumani) au Sheffield. Hizi ni nzuri sana na wakati wake zilikua mali, ndo maana Gillette alipoanza kuuza nyembe zake za kutupa mwaka 1903 aliuza vishikio 51 tu na nyembe 168 mwaka mzima, watu hawakuelewa kwa nini utupe wembe. Mwaka uliofuata vishikio vikapita 90,000, wakawa wameelewa. Huu wa babu usiupitishe kwenye tupa wala kikombe, utauharibu, ni wa jiwe laini kabisa na mkanda wa ngozi. Na ukinolewa ukitumika uwe wa mtu mmoja tu, magonjwa ya damu hayachagui familia. Mpini wake kama ni pembe au mfupa usiuloweke.

Kisu cha mkonge nimekiacha mwisho makusudi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 ndo iliyofika hai, na kufika 1964 nchi hii ilikua inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na jani moja moja katika hizo tani lilipita kwenye kisu cha mkono kama hiki. Mkataji anatoa kwanza mwiba wa ncha usimtoboe mwenzie, alafu anakata jani kwenye shina, anafunga mafungu, na yale maji ya mkonge yanayowasha mikono yanakila na chuma pia, kwaiyo kila asubuhi tupa. Umesema kimelika mpaka kama rula. Kiangalie vizuri, naamini utaona hakijalika sawasawa, kuna mahali pamezama, karibu na mpini au katikati. Pale ndo alipokua anapigia, na mahali tupa yake ilipokua inaanzia kila siku kwa urefu wa mkono wake. Na kwenye mpini pasa dole gumba lako uone kama hakuna kibonde cha dole lake.

Kipake mafuta, kifunge kwenye kitambaa kikavu, usikinoe hata kidogo. Makali yaliyopo pale ni yale aliyoyaacha yeye siku ya mwisho aliporudi kutoka shambani.